Mapenzi hayakomei shuleni

Majuzi hapa Changamwe mjukuu wangu alinionyesha anime ya Kijapani, Clannad: After Story (2008–2009). Aghalabu vichekesho vya mapenzi vya aina hii hukoma shuleni: wawili wakishaambiana wanapendana, basi, kwisha! Hii yaendelea. Tomoya anamaliza shule, anapanga chumba kidogo, anafanya kazi ya umeme, kisha anamwoa Nagisa. Kicheko kinapungua, hadithi inakomaa.

Sarufi yetu yatusaidia kuielewa. Kauli ya kutendana haiishii kwenye ‘kupendana’. Kuna kusaidiana, kulaumiana na kuvumiliana. Mohamed Suleiman Mohamed alilijua hilo. Katika Kiu (1972), hawaachi Bahati na Idi arusini. Anawafuata ndani ya ndoa hadi penzi linachacha.

Kasoro ya Clannad ni tamati yake. Nagisa anafariki akijifungua, halafu muujiza unaufuta msiba wote. Suleiman hafuti kitu. Kijana wa Chaani mwenye mchumba, anayesaka kibarua bandarini, hana muujiza wa kungojea. Waandishi wetu chipukizi, mbona mwamwacha mlangoni mwa shule?