Kirusi na Virusi: Neno Moja katika Sarufi Nyingi

Miongoni mwa istilahi zinazowashughulisha watafsiri wa maandishi ya afya ni virusi. Twakuta maumbo matatu: "virusi hii", "virusi hivi" na, kwa umoja, "kirusi hiki". Wapo wanaolilaumu umbo la tatu kwa hoja kwamba neno la asili halina kiambishi ki-. Tunakusudia kuipima hoja hiyo kwa kutazama jinsi lugha za Ulaya zenyewe zilivyolipokea neno hili.

Asili yake ni Kilatini, virus, yaani sumu au ute wenye madhara. Celsus, mwandishi wa tiba wa karne ya kwanza, alilitumia kwa sumu ya mbwa mwenye kichaa. Hata katika Kilatini neno hili lilikuwa na ukaidi wake: mwisho wa -us kwa kawaida ni wa nomino za jinsia ya kiume, lakini lenyewe halikuwa la kiume wala la kike, tena maandishi ya kale hayakutuachia wingi wake. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alionyesha kwamba kinacholeta maradhi ya mabaka ya tumbaku hupenya chujio linalozuia bakteria. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck akakiita virus, na jina la sumu likawa njiani kuwa jina la kiini cha maradhi.

Tazama basi lilivyogawanyika. Wafaransa na Wataliano wamelitia katika jinsia ya kiume na kuliacha bila badiliko katika wingi. Waingereza huliongezea -es. Wanaoandika viri kwa kudhani wanafuata Kilatini hawana ushahidi wowote wa Kilatini. Wajerumani katika sayansi husema das Virus, ilhali wengi katika mazungumzo husema der Virus; na katika wingi huiondoa -us na kupata Viren. Wagiriki hutumia ios, neno lao la kale lenye maana ya sumu na lenye nasaba moja na lile la Kilatini. Waislandi wana veira, nomino ya kike inayonyambulika kama nyinginezo za kwao.

Ni dhahiri kwamba kila lugha imelihukumu neno hili kwa sheria zake. Kwa nini Kiswahili pekee kidaiwe uaminifu kwa Kilatini? Msemaji aliposikia virusi, alisikia vi- ya wingi, ndipo akapata kirusi, kama vile kitabu cha Waarabu kilivyozaa vitabu, na kiplefti kikazaa viplefti. Ufupisho VVU, yaani virusi vya UKIMWI, umekwisha kulithibitisha neno katika ngeli ya ki-/vi-. Hivyo "virusi hii" ndilo umbo lisilo na nguzo.

Hoja kwamba kirusi hugongana na Kirusi, lugha ya Warusi, haina uzito mkubwa. Herufi kubwa na muktadha hutenganisha. Hakuna mgonjwa atakayeambiwa ana kirusi akadhani amefundishwa lugha.

Hatari ya kweli iko kwingine. Mtafsiri anayetafuta asili ya neno aweza kuvutwa kusema "kijasumu", kwa kuwa virus ni sumu. Lakini dawa za antibiotiki zimekwisha kuitwa viuavijasumu, nazo hupambana na bakteria, haziui virusi. Tangazo litakaloita kirusi kijasumu litamfanya mgonjwa wa mafua adai dawa isiyomfaa. Asili ya neno hutueleza lilikotoka. Haitupi ruhusa ya kulirudisha huko.

Kwa hiyo twapendekeza: kirusi kwa umoja, virusi kwa wingi, na upatanisho wa ki-/vi- katika sentensi nzima. Neno "vijidudu" libaki kwa mazungumzo ya jumla, wala lisitumike mahali ambapo tiba hutegemea tofauti kati ya bakteria na virusi.