Kutoa Upepo Katika Klachi

Katika ufundi wote wa gari sijaona kazi yenye vyombo vichache na adabu nyingi kama kutoa upepo katika klachi, ile ambayo mafundi wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huiita ambreyaji. Niliitazama asubuhi moja huko Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mbele ya Land Cruiser kuukuu iliyokuwa imetoka Kabambare kwa njia ya Kasongo na shehena ya chumvi na sabuni, na ambayo gia yake ya nyuma ilikuwa imekataa kuingia ila kwa kelele ya meno kusagana.

Njia ile imezoea mizigo. Misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare na Kasongo hata kufikilia soko la Nyangwe, ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1871, na ambapo tarehe 15 Julai ya mwaka uo huo aliona kwa macho yake watu wa soko wakipigwa risasi. Na kila frasila ya pembe za ndovu iliyopita huko ilipita juu ya bega au kichwa cha mwanadamu, aghalabu mwanadamu asiye na hiari. Kwa hiyo fundi wa gari katika nchi ile simhesabu kuwa mtu mdogo. Chombo anachokiuguza ndicho kilichoushusha mzigo ule kichwani.

Mguu ukikanyaga pedeli ya klachi, silinda ya juu husukuma mafuta ya breki katika mrija mwembamba, na mafuta, kwa kuwa hayakubali kushindiliwa, huifikisha nguvu ile kwa amana hadi silinda ya chini, nayo huusukuma uma wa klachi na kuitenga injini na sanduku la gia. Kanuni hiyo alikwisha kuieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Lakini upepo tabia yake ni nyingine: ukisukumwa hujikunyata, ukiachwa hukunjuka, basi povu dogo likijificha mrijani, nguvu ya mguu huishia kulikunyata povu hilo, pedeli hulegea, na gia hulia.

Fundi, mzee wa maneno machache, alijilaza chini ya gari. Kijana wake aliketi penye usukani. Mrija wa plastiki unaoonyesha ndani ulivikwa kwenye skurubu ya silinda ya chini, na ncha yake ya pili ikazamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo, ili upepo utokao usipate njia ya kurudi.

"Kanyaga, mwanangu, polepole."

Kijana akakanyaga mara tatu, na ya nne akaukaza mguu. "Nimeshika, papa."

Hapo skurubu ililegezwa kidogo, mapovu yakakimbizana mrijani, ikakazwa tena, na baada ya kukazwa ndipo lilipotoka neno, "Achia." Neno hilo likitangulia skurubu kukazwa, pedeli irudipo huvuta upepo mpya, na taabu yote hubatilika. Wawili wasioonana, mmoja chini ya chuma na mwingine juu yake, hawana baina yao ila maneno hayo matatu, na kila mmoja hana budi kumwamini mwenziwe. Ndiyo maana nasema ufundi huu hukaa masikioni zaidi kuliko mikononi. Walirudia, wakarudia, na kila baada ya duru chache kijana alishuka kuongeza mafuta katika kopo la juu, maana kopo likikauka upepo huingia kwa lango kuu.

Mwenye gari alichoka kungoja. Mafuta ya breki yalikuwa yakikaribia kwisha, akauliza kama mafuta ya injini hayangefaa kumalizia. Mzee alikataa kwa ukali ambao sikuutarajia: mafuta yale huvimbisha raba za silinda, na raba zikivimba gari husimama porini, mbali na kila duka. Katika kazi yote ya asubuhi ile, katazo hilo ndilo nililolistahi kupita yote.

Mapovu yalipokoma, pedeli ikawa ngumu na gia ya nyuma ikaingia bila sauti.

Nawe msafiri utakayeshika njia ya Nyangwe, tia chini ya kiti chupa ya mafuta ya breki ambayo kizibo chake hakijafunguliwa bado, kwa sababu yakiisha kufunguliwa hunywa unyevu wa hewa, na nchi ile ya mto na mvua ina unyevu mwingi.