Mzee Frye, aliyesifiwa bila kuzaliwa

WIKI jana mwandishi mmoja chipukizi aliniletea mswada wa riwaya yake akitaka nimwandikie dibaji, "hata ya ukurasa mmoja tu, Mwalimu." Kabla ya chai kupoa nilikuwa nimeshaandika kwamba kazi hii inaziba pengo na kuumulika uozo wa jamii kwa jicho pevu. Mswada wenyewe, jamani, nilikuwa sijaufungua.

Hapo nikamkumbuka Hugo N. Frye.

Mnamo 1930, wahariri wa safu ya vichekesho katika gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, waliwaalika vigogo wa chama cha Republican kwenye karamu ya kuadhimisha miaka 150 tangu kuzaliwa kwa Frye, ambaye ati ndiye aliyekiasisi chama hicho jimboni humo. Wageni hawakufika, ila salamu zilifika. Makamu wa Rais, Charles Curtis, aliwapongeza waandalizi kwa kumuenzi marehemu. Waziri wa Leba, James Davis, alisema ni furaha kwake kuishuhudia kazi ya mzalendo huyo shupavu aliyepanda mbegu za chama katika eneo lile. Frye hakuwahi kuwapo. Litamke jina lake upesi kwa Kiingereza, hyugo-en-frai, nawe utasikia mtu akikwambia uende ukakaangwe!

Kisa hiki husimuliwa kama ithibati kwamba wanasiasa ni mbumbumbu. Mimi sikubali. Wanafunzi wale walipiga hesabu zao vizuri. Chama cha Republican kiliundwa 1854, na mtu aliyezaliwa 1780 angekuwa na miaka 74 wakati huo. Inawezekana. Tena kichekesho kimo masikioni ilhali waathiriwa walipewa karatasi. Tahajia ya Kiingereza iliwafichia mzaha.

Kwa hakika utani wa jina ni wa kitoto. Utamu wa kisa umo katika majibu, na majibu yenyewe hayalingani. Sentensi ya Curtis inawaelekea walio hai: hongereni kwa kumkumbuka mzee wenu. Hiyo ni adabu tu, na sioni kosa lake. Davis alivuka mpaka. Alichagua kitenzi cha kushuhudia, na shahidi hutarajiwa awe ameona au angalau amesikia. Hapo sifa inageuka kuwa madai.

Mbona basi barua yake haikumshtua hata yeye mwenyewe? Kwa sababu kila neno ndani yake lilikuwa limeshatumika kwa mtu mwingine. Mzalendo, shupavu, mbegu: vazi lisiloshonewa mtu humtosha yeyote, hata asiye na mwili. Nasi tunazo nguo hizo. Sikiliza risala za rambirambi redioni. Kila marehemu alikuwa mchapakazi na ameacha pengo lisilozibika. (Pengo! Na mimi nililiziba katika dibaji.)

Nimejaribu kuwaza Frye wa Kiswahili angeitwaje. Kwetu herufi hutamkwa jinsi zilivyoandikwa, kwa hiyo tahajia haina mahali pa kumfichia mtu. Tulicho nacho ni nafasi kati ya maneno. Hebu tuma mialiko ya kumuenzi Mzee Ali Wahadaa, mwasisi wa chama chochote kile, kisha uliondoe pengo kati ya majina yake mawili. Sidhani ungekosa salamu.

Dibaji yangu nimeifuta yote. Mwandishi amenipigia mara mbili kuniuliza imefikia wapi, nami nimemwambia ukweli: niko ukurasa wa 41, na sura ya pili inachosha.