Siti binti Saadi na Swali la Waliomkejeli

Miongoni mwa vitabu vya marehemu Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saadi husomwa kwa mapenzi mengi na kuhojiwa kwa uchache. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1958, miaka minane baada ya kufa kwa mwimbaji huyo na minne kabla ya kufa kwa mwandishi wake. Tumezoea kukiita kitabu cha usawa: mwanamke aliyezaliwa Fumba, shamba la Unguja, katika ukoo wa watumwa, apanda kwa sauti yake hata akaimba mbele ya wakubwa wa nchi. Mimi nami nimekifundisha hivyo kwa miaka kadha wa kadha. Siku hizi naona kuwa nilikosea kwa nusu, na nusu hiyo si ndogo.

Kisa chenyewe chajulikana, basi nitakipitia kwa haraka. Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880. Utotoni, kama isimuliwavyo, aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilovikwa baadaye. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alichukua vyungu kichwani akaenda kuviuza mjini. Mwaka 1897 Sultani alitoa amri ya kuifuta hali ya utumwa katika sheria za Unguja. Walakini amri ile haikumfungua mtu mlangoni pake. Ilimpasa mtumwa mwenyewe aende kortini akaombe uhuru wake, na bwana wake alipwe fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Aliyedhulumiwa ndiye aliyeomba, na aliyedhulumu ndiye aliyelipwa. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili tutakapofika mbele.

Siti alihamia mjini, akafundishwa kuimba, akaimba kwa Kiswahili muziki ambao kabla yake uliimbwa na wanaume kwa Kiarabu, na mwaka 1928 alisafiri Bombay kutiwa sauti katika santuri. Husemwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata jambo hilo. Sifa zilipovuka bahari, husuda nayo ikaamka. Watu walimtungia wimbo wa kumkejeli kwamba alikuja mjini amejifunga kaniki, hana kitu, na wakauliza angepata wapi riziki lau Mungu hangemjalia sauti. Siti alijibu kwa wimbo wake kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba havimpi mtu thamani. Mwenye hasara ni mtu asiye na akili.

Shaaban Robert alilipenda sana jibu hilo, na nani asiyelipenda? Mwanafunzi mmoja wa kike darasani kwangu hakulipenda. Tulikuwa tukilisifu jibu la Siti, naye akanyosha mkono akauliza, "Na mama yake je, Mwalimu? Yeye hakuwa na sauti." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na wala hakuwa mwimbaji. Nilijibu neno fulani juu ya mipaka ya fani ya wasifu, kama sisi walimu tufanyavyo tunaposhindwa, kisha kengele ikaniokoa.

Tangu siku ile nathubutu kusema kwamba swali la wale wakejeli, ingawa liliulizwa kwa chuki, ndilo swali kubwa kuliko yote katika habari za Siti, na kwamba hata jibu lake zuri halikulimaliza. Tulitazame vema jibu hilo. Latupa mizani ya nasaba, kisha laweka mizani ya akili mahali pake. Mizani ya pili ni afadhali sana kuliko ya kwanza, maana akili haichagui nyumba ya kuzaliwa. Lakini ni mizani bado. Mtu angali anapimwa kabla hajaheshimiwa. Mwandishi wa wasifu angeweza kulichukua swali pale Siti alipoliacha, akauliza juu ya wanawake wa Fumba waliobaki na vyungu vyao. Badala yake humtukuza Siti kwa kuwatofautisha nao. Kwa maoni yangu hapa ndipo kitabu kinapopwaya: kila sifa ya shujaa yaongeza umbali baina yake na watu wa kwao, na sisi wasomaji twafurahi kuwa mmoja amevuka mto, tukasahau kuuliza kwa nini hakuna daraja.

Si kwamba Shaaban Robert hakulijua daraja. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa sababu ya kutaka elimu ya sheria ifundishwe katika nchi, na hoja zake barazani ni juu ya desturi inayowatia wajumbe gerezani bila ya kuwasikiliza. Ni kweli wajumbe wale nao wamesifiwa kuwa ni watu bora. Lakini sheria anayoidai Karama ingemfaa hata mjumbe mvivu. Mtunzi wa hadithi aliona jambo ambalo mwandishi wa wasifu, miaka saba baadaye, aliliacha lipite.

Ugonjwa huu wa kumtaka aliyeonewa athibitishe ubora wake si wa pwani yetu peke yetu. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland, Marekani, akatoroka mwaka 1838, na mwaka 1845 akatoa habari za maisha yake kwa kalamu yake mwenyewe. Kitabu kile kilitanguliwa na maneno ya wazungu wawili, William Lloyd Garrison na Wendell Phillips, wakimshuhudia kwamba ni mkweli. Siti, asiyejua kusoma, alihitaji mwandishi. Douglass, aliyejua kuandika vizuri kuliko wengi, alihitaji wadhamini. Tofauti ni ndogo kuliko ionekanavyo.

Lakini tarehe 5 Julai mwaka 1852, mjini Rochester, Douglass alikataa kupimwa. Alialikwa kusema juu ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, naye akauliza kama ni wajibu wake kuthibitisha kuwa mtumwa ni mtu. Akasema jambo hilo limekwisha kukubaliwa na wenye watumwa wenyewe, tena katika sheria zao. Virginia ilikuwa na makosa 72 yaliyomstahilisha mtu mweusi adhabu ya kifo, na katika hayo ni mawili tu yaliyomfikisha mzungu katika adhabu hiyo hiyo. Nani hutunga sheria za kumwadhibu ng'ombe? Hoja hii yanipendeza kwa kuwa haimtaji mtumwa hodari hata mmoja. Yamtosha mtumwa yeyote, mwenye sauti na asiye nayo.

Nikirudi Unguja sitaki kumwacha Siti chini ya kivuli cha mgeni, maana yeye naye aliwahi kulijibu swali la wakejeli wake kwa namna nyingine, mbali na ule wimbo wa majibizano. Namaanisha wimbo wa Kijiti. Wasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye mimba, aliyeuawa. Muuaji akatorokea bara, na lawama ya korti ikawaangukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Ndani ya wimbo huo hakuna nasaba wala sura, na akili ya marehemu haipimwi na mtu. Hasemwi kuwa alikuwa mwema. Ameuawa, na wakubwa wa sheria wamewashika wasiohusika. Basi hiyo yatosha kuwa shtaka, na Siti aliliimba mbele ya watu wa mji ule ule uliokuwa na korti ile.

Tangu mwaka huu nafundisha wasifu na wimbo huo pamoja, wimbo kwanza. Yule mwanafunzi amekwisha kumaliza masomo yake, nami sijapata nafasi ya kumwambia.