Mnazi Unasomwaje Chepsaita?

Chepsaita hakuna mnazi. Kuna mahindi, kuna ng'ombe wa maziwa, kuna mikaratusi kwenye mipaka ya mashamba, na kuna zile mbio za nyika zilizofanya watu wa mbali walijue jina la kijiji. Nazi tunayoijua sisi ni ile ya sokoni Eldoret, ambayo ilishashuka mtini zamani. Kwa hiyo nilipokaa kuisoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla nikiwa huku juu, nilijiuliza swali moja la kishamba lakini la haki: shairi kuhusu mnazi linanihusu nini mimi?

Linanihusu sana. Na nadhani wengi wetu tunalipita kwa sababu tumezoea kusimulia maisha ya mshairi huyu, halafu mashairi yenyewe tunayaacha rafuni.

Maisha yake kweli yanasimulika. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa karani tu kwenye baraza la mji, kijana wa miaka 22, na mfuasi wa Kenya People's Union, chama alichokianzisha Oginga Odinga mwaka 1966 baada ya kuachana na KANU. Mwaka 1968 wagombea wa KPU walizuiwa kushiriki uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka huohuo Abdilatif akaandika na kusambaza karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi? Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka 3. Chama chenyewe kilipigwa marufuku mwaka 1969 yeye akiwa ndani. Gerezani alitengwa na wenzake, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoroshwa nje. Alitoka mwaka 1972 akahamia Tanzania, na kitabu kikachapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Baadaye alifanya kazi BBC London, akashirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani.

Ni hadithi inayoshika, hasa kwa sisi ambao Juni 2024 tulishuhudia vijana wakimwagika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Eldoret ikiwemo. Twendapi? ni neno linalokaa vizuri kwenye bango. Sina shida na bango. Lakini bango huelekezwa kwa serikali, na ukilinyanyua wewe mwenyewe unakuwa upande ulio safi. Ukienda kwenye shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", upande ulio safi huupati kirahisi hivyo.

Shairi hilo ni majibizano ya watu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Wahakiki wameshasema mara nyingi kwamba mnazi ni Kenya, na sioni sababu ya kuwapinga. Ninachoona hakisemwi vya kutosha ni kwamba wagombanao ni ndugu. Mkoloni hayupo pale. Hakuna mgeni wa kufukuzwa ili mambo yaishe. Kuna mtu na mtu wake, na mti mmoja.

Hebu fikiria hali ya aliyeandika. Mtu amenyimwa wa kuongea naye, anaumba watu wawili waongee. Serikali iliyomfunga haikutaka kusikia hata karatasi moja ya upande wa pili. Yeye, ndani ya selo, anampa kila upande nafasi ya kujieleza kwa ufasaha uleule, kwa vina na mizani ileile. Kwangu mimi hiyo ndiyo siasa kubwa zaidi katika kitabu kizima. Kupinga dhuluma wengi wanaweza. Kumwandikia mpinzani wako hoja nzuri, tena ukiwa umefungwa, ni wachache.

Pia kuna jambo ambalo msomaji wa bara anaweza kulikosa. Pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: udongo wa huyu, mnazi wa yule. Kwa hiyo kugombea mnazi ni kuuliza nani alipanda, nani alitunza, nani anakula, na hati inasema nini. Sasa njoo Uasin Gishu. Ardhi hii ilikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru ikagawanywa na kuuzwa, wengine wakiingia kupitia skimu za serikali, wengine kwa kampuni za kununua mashamba. Tangu hapo kila mtu ana jibu lake kwa swali la nani alikuwa hapa kwanza, na kila mwenye jibu anaamini ana haki. Tulipolijibu kwa mikono, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, watu walichomewa nyumba. Kule Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliolikimbilia kujificha. Majirani ndio waliokuwa pande zote mbili. Baada ya hayo, nani atasema mnazi ni habari ya Waswahili wa Mombasa peke yao?

Kuna wanaolalamika kwamba Kimvita cha Abdilatif ni kigumu. Ni kweli, ukikutana na "Siwati" mara ya kwanza unaweza kudhani ni jina la mtu, kumbe ni "siachi". Lakini mimi nauona ugumu huo kama sehemu ya hoja yake. Aliitetea Kenya nzima kwa lugha ya nyumbani kwao, bila kuisafisha iwe ya wote. Sisi tunaoongea Kinandi nyumbani na Kiswahili cha stendi mjini tunaelewa vizuri kuwa kujiunga na taifa hakupaswi kukudai uache ulimi wako mlangoni.

Hata hivyo, shairi lina pengo, na sitalifunika kwa heshima. Nililisoma kwa sauti na binamu zangu, mmoja akishika Alii, mwingine Badi. Binamu yetu wa kike akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na dada yao yuko wapi?" Tulinyamaza. Katika ugomvi ule mzima hakuna anayewazia kwamba mnazi unaweza kuwa na mrithi wa kike. Unaweza kusema ndiyo zama zenyewe, na nitakubali nusu. Ila Katiba ya 2010 iko, inasema wanawake na wanaume wana haki sawa, na bado huku kwetu binti akitaja shamba la baba kwenye kikao cha ukoo, wazee wanaangalia chini au wanamuuliza ataolewa lini. Mshairi aliyeona vizuri hivyo mgogoro wa ndugu wa kiume hakuona kwamba kuna mtu wa tatu anayesubiri zamu ya kuongea.

Uzuri ni kwamba utamaduni alioutumia unaruhusu kujibiwa. Mombasa ya Muyaka bin Haji, karne ya 19, washairi walirushiana beti, na shairi lisilojibiwa lilikuwa kazi nusu. "Mnazi" limekaa zaidi ya miaka 50 likihakikiwa darasani. Ningependa lijibiwe sasa, na mwanamke, kwa Kimvita au Kinandi au Sheng, na mti uwe mkaratusi wa mpakani kama anataka. Sisi wengine tukae tusikilize hadi atakapomaliza.