Kombe la Nani? Uhakiki wa Historia ya Mashindano ya Timu katika Gofu

Vitabu vya michezo vya nchi za Magharibi huyaeleza mashindano ya timu katika gofu kama historia ya urafiki wa mataifa. Waungwana wa Uingereza na wa Marekani walikutana, wakashindana kwa adabu, wakapeana mikono, na kombe likabaki kuwa ishara ya udugu. Maelezo hayo si uongo mtupu. Kasoro yake ni kwamba yanataja mikono iliyopeanwa na kuisahau mikono iliyolipa, na zaidi ya yote mikono iliyofanya kazi.

Wako makada wanaodhani kuwa mjadala wa namna hii ni kupoteza wakati. Gofu ni mchezo wa mabwanyenye, unachezwa Gymkhana, basi. Huo ni uvivu wa fikra. Mchezo wowote unaovaa bendera ya taifa hudai kusema kwa niaba ya watu wote wa taifa hilo, na dai la aina hiyo hapana budi lipimwe kisiasa, hata kama wanaoucheza ni wachache.

Kwanza, suala la tabaka. Kombe la Walker lilishindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, nalo lilikuwa la wachezaji wa ridhaa, yaani watu waliokuwa na nafasi na fedha za kuvuka bahari bila kuulizwa nani atalisha watoto. Lilipewa jina la George Herbert Walker, bwana wa mabenki aliyekuwa rais wa chama cha gofu cha Marekani mwaka 1920. Mjukuu wake na kitukuu chake wote wawili walikuja kuwa marais wa nchi hiyo. Wachezaji wa kulipwa walikuwa watu wa namna nyingine. Wengi walianza utotoni kama wabeba mikoba ya fimbo, wakawa mafundi wa kutengeneza fimbo na waalimu wa matajiri. Katika klabu nyingi za Uingereza hawakuruhusiwa kuingia jumba la klabu. Mwaka 1920, kwenye mashindano ya Deal, Mmarekani Walter Hagen alikodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya jumba hilo na kulifanya chumba chake cha kubadilishia nguo. Hagen hakuwa mwanamapinduzi, lakini jambo alilolionyesha siku ile lilieleweka na kila mtu.

Ndipo tunapofika kwenye Kombe la Ryder. Samuel Ryder alikuwa mfanyabiashara wa mbegu wa mji wa St Albans, aliyetajirika kwa kuuza pakiti ndogo za mbegu kwa peni moja moja. Alimwajiri mchezaji Abe Mitchell amfundishe, na sanamu ndogo iliyo juu ya kombe ni ya Mitchell huyo. Mwaka 1927 timu ya Uingereza ilipotakiwa kwenda Worcester, Massachusetts, nauli haikuwepo. Gazeti la Golf Illustrated likatangaza mchango wa pauni 3,000. Mitchell mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, hakusafiri. Wamarekani walishinda kwa pointi 9½ dhidi ya 2½. Mwaka 1947, baada ya vita, mambo yalikuwa yale yale: aliyewagharimia Waingereza kwenda Portland, Oregon, alikuwa Robert Hudson, tajiri wa matunda ya makopo. Yaani mfanyakazi stadi aliwakilisha taifa lake kwa hisani ya mwenye mali, na mwenye mali ndiye aliyebaki na jina kwenye kombe.

Na ni Mmarekani yupi aliyewakilishwa? Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, mwenye mashindano haya kwa upande wa nchi hiyo, kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichotaka mwanachama awe mtu mweupe. Kifungu hicho kilifutwa Novemba 1961. Mweusi wa kwanza kuingia timu ya Ryder alikuwa Lee Elder, mwaka 1979. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya ushindi ule unaosifiwa ni ushindi wa nchi iliyokuwa imewafungia mlango raia wake.

Kombe la Canada, lililoanza Montreal mwaka 1953 na kuitwa Kombe la Dunia tangu 1967, lilikuja na ahadi nzuri zaidi: kila nchi wachezaji wawili, na urafiki wa kimataifa kwa njia ya gofu. Mwanzilishi wake, John Jay Hopkins, alikuwa mkuu wa General Dynamics, kampuni ya silaha ambayo mwaka 1954 ilishusha majini Nautilus, manowari ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Urafiki mkono wa kulia, manowari mkono wa kushoto! Hata hivyo tusikatae ukweli: katika mashindano hayo Argentina ilishinda mara ya kwanza kabisa, na Japani ikashinda nyumbani kwake mwaka 1957, jambo lililowasha moto wa gofu nchini humo. Uwanja ulipofunguliwa kwa wengi, wengi walionyesha uwezo.

Lakini ulifunguliwa pia kwa makaburu. Mwaka 1965 Gary Player na Harold Henning waliipatia Afrika Kusini kombe hilo mjini Madrid. Mwaka huo huo, mjini Durban, Player alikuwa ameshindwa na Sewsunker "Papwa" Sewgolum, mtu wa asili ya Kihindi aliyekuwa mbeba mikoba, aliyeshika fimbo mikono ikiwa imepishana kinyume na vitabu vyote, na aliyekwisha kushinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu. Alipotwaa kombe la Natal mwaka 1963 alikabidhiwa nje, mvuani, huku Weupe wakiwa ndani ya jumba la klabu. Baadaye serikali ilimfungia viwanja na kumnyang'anya pasipoti. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Madola, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana kukatisha uhusiano wa michezo na Afrika Kusini, na makubaliano hayo yakaitwa Gleneagles, jina la hoteli ya Scotland ambako mwaka 1921 wachezaji wa kulipwa wa Uingereza na Marekani walishindana kwa mara ya kwanza kama timu.

Wapo watakaosema nimeacha uzuri wa mchezo. La hasha. Upo mtindo wa wawili kucheza mpira mmoja kwa zamu, ambapo kosa la mwenzako ndilo unaloanzia. Sijui mchezo unaofundisha ushirika kwa ukali zaidi. Na mwaka 1969, huko Royal Birkdale, Jack Nicklaus aliuokota ushahidi wa mpira wa Tony Jacklin asimlazimishe kupiga pigo fupi la mwisho, mashindano yakaisha 16 kwa 16. Kapteni wake, Sam Snead, hakufurahi. Linganisha na Kiawah Island mwaka 1991, miezi michache baada ya vita vya Ghuba, ambapo Wamarekani wawili walivaa kofia za kijeshi za vita hivyo.

Leo ukiritimba umekamilika. Kombe la Dunia lilichezwa Melbourne mwaka 2018, Ubelgiji ikashinda, likanyamaza. Kombe la Ryder, ambalo tangu 1979 ni la Marekani na Ulaya, linanenepa. Wengine wote wamekusanywa kwenye Kombe la Marais tangu 1994, Mfiji na Mzimbabwe na Mjapani chini ya jina moja lisilo la nchi yoyote, na mpaka 2024 walikuwa wameshinda mara moja tu.

Mwaka 1999 wachezaji kadhaa wa Marekani waliuliza mapato ya Kombe la Ryder yanakwenda wapi, wakaitwa wasio wazalendo. Mwishoni mwa 2024 chama chao kiliamua kila mmoja apate dola 500,000, kati yake 300,000 za kutoa sadaka. Mamilionea hao si wavujajasho, lakini swali lao lilikuwa halali. Jibu lake nusu lilionekana Septemba 2025 huko Bethpage, ambapo Ulaya ilishinda 15 kwa 13: tiketi ya siku moja iliuzwa takriban dola 750. Bethpage ni uwanja wa umma, mali ya jimbo la New York, uliojengwa miaka ya 1930 na watu wasio na kazi walioajiriwa na serikali wakati wa mdororo mkuu, na katika siku za kawaida mkazi wa jimbo hilo hucheza hapo raundi nzima kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.