Isaka, Mwindo na utii wetu: ginsi ya kuhubiri sura ya 22 ya kitabu cha Mwanzo



Kila mwaka, katika Kesha la Pasaka, Eklezia inatutolea hadisi ya Abrahamu na mutoto wake Isaka. Katika mwaka B inarudi tena Dominika ya pili ya Kwarezima. Ni somo kubwa, lakini mara nyingi tunalihubiri vibaya. Nasema «tunalihubiri», kwa sababu mimi vilevile nilianguka katika kosa hilo.

Siku moja, katika shirika ndogo la upande wa Masisi, nilihubiri kama Abrahamu ni mufano wa mutu mwenye haulizi: Mungu anaomba, yeye anatoa, anafunga kinywa. Kisha misa mama mumoja akanijia, akasema: «Padiri wangu, wale wa bunduki walipokuja kuomba kijana wangu, walisema nao kama nisiulize. Nikamutoa. Basi nilifanya kama Abrahamu?» Sikupata jibu. Haya ninayoandika ndiyo jibu langu, hata kama limechelewa.

Tuanze na maandiko yenyewe, maana kosa letu la kwanza ni kuyasoma mbiombio. Mwenye kuandika anatuambia tangu mustari wa kwanza kama Mungu anamujaribu Abrahamu. Sisi wasomaji tunalijua jambo hilo; Abrahamu halijui. Kisha hadisi inakwenda polepole sana: punda, kuni, moto, kisu, safari ya siku tatu. Mutoto anauliza kondoo iko wapi. Baba anajibu kama Mungu mwenyewe ataitafuta. Na mbele ya hapo alikwisha kuwaambia watumishi kama watarudi wote wawili. Je, mutu mwenye kusema hivi ni mutu mwenye amekata tumaini? Barua kwa Waebrania, katika sura ya 11, inatufasiria: aliamini kama Mungu anaweza kufufua hata wafu. Alishika mambo mawili pamoja, amri na ahadi, na ahadi ilikuwa Isaka mwenyewe.

Tena, Abrahamu hakuisikia sauti ile siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alipoondoka Harani alikuwa na miaka 75. Isaka alipozaliwa alikuwa na miaka 100. Miaka 25 alitembea na sauti hiyo, akaona kama haisemi uongo. Na si kweli kama hakuuliza kamwe. Katika sura ya 18 alisimama mbele ya Mungu akamuombea muji wa Sodoma, akipunguza hesabu toka watu wenye haki 50 mpaka 10, na Mungu hakukasirika. Basi muhubiri mwenye kumufanya Abrahamu mutu asiye na kinywa hakusoma kitabu chote.

Na mwisho wa hadisi ni nini? Mara nyingi tunahubiri mulima, tunahubiri kisu, tunasahau malaika. Lakini neno la mwisho la Mungu ni kumukataza Abrahamu kumugusa kijana. Manabii walilishika neno hilo. Katika kitabu cha Yeremia Mungu anakana kama hakuagiza hata siku moja watoto wachomwe moto, wala wazo hilo halikuingia moyoni mwake. Mutu mwenye kuhubiri kisu bila malaika anamuhubiri mungu mwengine.

Sasa turudi kwetu. Walikale ni inchi ya Wanyanga, na Wanyanga wako na hadisi yao kubwa ya baba na mwana. Katika mwaka 1956 Bwana Daniel Biebuyck aliiandika kutoka kinywani mwa muzee Rureke. Akaitoa kitabu katika mwaka 1969 pamoja na Bwana Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Mwami Shemwindo wa Tubondo aliamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mwindo akazaliwa kijana. Baba akamurushia mukuki, akamuzika muzima, akamufunga ndani ya ngoma na kumutupa mutoni. Mutoto hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi kupigana, akamufuata baba yake mpaka kuzimu.

Nimesikia watu wenye kusema kama Shemwindo ni Abrahamu wa wapagano, na wengine kama Mwindo ni Kristu wa Wanyanga. Nawaomba tuache michezo hiyo. Inaharibu hadisi zote mbili. Shemwindo hakusikia sauti yoyote toka juu. Alisikia tumbo lake mwenyewe, akaliita amri. Na Mwindo si mwanakondoo: ni mutu wa vita, mwenye kujisifu.

Lakini hadisi ya wazee iko na hekima yenye tunapaswa kuipokea kwa heshima. Inajua kama baba anaweza kukosa. Inajua kama amri ya mukubwa inaweza kuwa uovu, na kama mutoto mwenye kuikimbia hakosi utii. Na Mwindo, kisha kumushika baba yake, hakumuua: baba alikubali kosa lake mbele ya watu, na mwana akagawanya naye ufalme. Zaidi ya hayo, Mwindo mwenyewe, kisha kuua zimwi rafiki wa Nkuba, yule wa radi, alichukuliwa juu mbinguni akafundishwa kwa mateso. Hata shujaa anapaswa kujifunza kutii. Katika hadisi ya Wanyanga fimbo ya fundisho inaangukia wenye nguvu. Katika mahubiri yetu inaangukia wadogo siku zote. Hapo wazee wanatupita.

Lakini kuna jambo moja lenye hadisi ya Wanyanga haina, nalo ndilo Injili. Abrahamu alitoa mwingine, na Mungu akamuzuia. Yezu hakutoa mwingine, alijitoa mwenyewe. Mutakatifu Paulo anawaandikia Wafilipi kama alikuwa mutii mpaka kufa musalabani. Tangu siku ile, sadaka ya mukristu inapimwa kwa swali moja: ni nani mwenye kulala juu ya kuni? Kama ni mimi, kwa mapendo, pengine ni sadaka. Kama ni mutoto wa jirani, na mimi niko ninashika kisu, ni uuaji, hata kama ninaimba zaburi.

Tuko na mufano karibu. Floribert Bwana Chui alifanya kazi katika ofisi ya OCC kule Goma. Alikataa rushwa, akakataa kuacha chakula kibovu kipite kifike kwa watu. Wakamuua mwezi wa saba mwaka 1997 na kumi, ndiyo kusema 2007. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Eklezia ilimutangaza Mwenye heri kule Roma. Yeye alitii, na kwa sababu alitii Mungu, alisema hapana kwa watu. Utii na kukataa vilikuwa kitu kimoja ndani yake.

Basi, wandugu wakatekista, wakati mutahubiri somo hili, fanyeni mambo matatu. Msomeni Abrahamu wa sura ya 18 pamoja na yule wa sura ya 22. Msishuke mulimani mbele malaika hajasema. Na musiwaombe watu sadaka yenye ninyi wenyewe hamukuanza kuitoa. Neno hili linatuhusu sisi mapadri zaidi.

Na yule mama? Kama ningemuona tena, ningemujibu: «Hapana, mama. Wale hawakuwa Mungu, na wewe haukuwa Abrahamu. Ulinyanganywa mutoto. Mungu hakumuomba kwako. Mungu analia naye, na anakuagiza umungojee.» Kisha ningemuomba msamaha kwa ajili ya mahubiri yangu.